Drafti ya Baba na Muoki

Mtaa wa Tena, Nairobi
9 Agosti

Kaka yangu Muoki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba joto la huko Doha limepungua kidogo. Mimi nipo, mwili hauna neno. Mzee Mativo wa mlango wa pili anakusalimu sana, na akina mama wa kanisa bado wanapita Jumapili kuniombea. Barua hii nimempa Lorraine, anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi. Ningekuandikia kwa simu ungenipigia kabla sijamaliza, nami ningekosa ujasiri.

Tangu urudi huko baada ya mazishi, kila ukipiga unaniuliza habari za ruta, kile kisanduku cha intaneti. Unataka kujua kama ulinisomea namba vibaya. Unasema usingizi umekukimbia kwa sababu Baba alikufa akiamini umemchoka. Ni kweli aliamini hivyo. Aliniambia mwenyewe mwezi wa Mei, akasema mtoto akishapata kazi nzuri hamkumbuki tena mzee.

Unakumbuka ulivyomwekea ile drafti kwenye kompyuta, yenye sheria zetu za mtaani, kingi akikimbia ubao mzima. Mtandao wa hosteli yenu hukuwa na ruhusa ya kuugusa, kwa hiyo mchezo ulikaa hapa nyumbani, nami nikafungua ile poti kwenye ruta, kile kimlango cha mtandao, ili wewe uweze kuingia. Masikio ya Baba yalikuwa mazito, simu hakuiweza. Drafti ndiyo ilikuwa mazungumzo yenu. Ikifika saa kumi na mbili jioni alitaka koti lake la kanisani, akakaa mezani kama bwana harusi. Mimi niliyemwogesha na kumfunga vifungo nilikuwa mtu wa kuwasha kompyuta tu.

Halafu Machi mchezo ukagoma. Skrini ikawa inaandika kwamba inamsubiri mchezaji, na Baba akawa anasubiri nayo. Ukamtuma Ndirangu, fundi wa intaneti. Nikakuambia ameshindwa. Ukatuma ruta mpya, ukanisomea namba zote upya, nikakuambia bado. Ulituma ruta, kaka, hukuja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi ndiye niliyekuwa naye hapa, miaka minne, na kazi yangu ya ukarani niliiacha.

Sasa nisikilize. Ndirangu hakushindwa. Aliangalia ruta dakika chache, akanivuta pembeni akaniambia, "Siz, hii kitu haina noma. Kuna msee amezima hiyo port na mkono." Nilimwambia aende, nitakueleza mwenyewe. Msee huyo, mtu huyo, ni mimi. Na ile ruta mpya niliiweka vizuri kabisa, ila poti sikuifungua.

Jumapili moja ya huo Machi Mzee Mativo alikuja kunywa chai. Baba akamwambia, nami nikimimina, kwamba katika watoto wake anayemjali ni Muoki peke yake, maana Muoki humtafuta kila jioni. Nilimwongezea chai. Walipomaliza niliingia kwenye ruta nikaifunga ile poti. Shukrani ya punda ni mateke, nilijiambia, acha naye aonje. Nilikusudia wiki moja tu. Wiki ilipoisha nikamwomba acheze na mimi, akakataa, na hasira ikanirudia upya. Nikaendelea hivyo mpaka Juni ikamchukua.

Sikuombi msamaha, kwa sababu bado nina uchungu naye, na wewe pia. Nakuonea wivu hata leo. Lakini kaburini nilikuona ukimwomba radhi kwa kosa langu, nikanyamaza, nikakushika mkono. Hilo ndilo limenishinda kubeba.

Wasalimie Wakenya wenzako wa hosteli. Ukitaka kunipigia, piga. Ukinyamaza pia nitaelewa.

Leo asubuhi nimeifungua poti. Imechukua dakika mbili. Mchezo wenu wa Machi bado upo, Baba hakuniruhusu kuufuta. Alikuwa ameshasogeza kete yake, akanikataza nisiguse kitu, akasema ni zamu yako.

Mimi dadako,
Kavinya