Gari Lililolalia Tuta

Shoga, upo? Siamini. SIAMINI!

Unalijua lile gari la Ulaya la shemeji yako, lililomzidi umri? Wiki nzima yuko uvunguni mwake. Kakata springi, eti likae chini kama la mashindano.

Leo kampakia mama yake, mguu bado uko kwenye plasta, tumpeleke hospitali. Mimi nyuma nimeshika magongo.

Kwenye geti la hospitali kuna tuta. Katuta kadogo tu! Gari likalilalia kwa tumbo, halitoki mbele wala nyuma. Ambulensi iko nyuma yetu inapiga honi.

Unajua mwanamume kasema nini? “Mama, hebu shuka kidogo, uzito upungue.”

Shuka kidogo! Mama anayesimama kwa mguu mmoja!

Mama wa watu akashuka. Mlinzi na wauguzi wakasukuma, gari likatoka, ekzosi ikabaki barabarani.

Shemeji yako kaikumbatia ekzosi yake, hana hata haya: “Lakini mama, si umeona linavyopendeza?”

Mama hakugeuka. “Nimeona, mwanangu. Mimi na mkeo tutarudi na teksi. Wewe rudi na mpenzi wako.”