Viti Viwili kwenye Khitma ya Baba

Kuala Lumpur, 4 Machi

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nyonga. Nikirusha mguu kuanzisha mpira wetu wa wavu wa miguu, inanibana kwa ndani. Eksirei haikuonyesha kitu. Kocha kasema mbele ya timu, "Hazwan, wewe huumwi, una uvivu!" Wakacheka. Kesho kutwa napigwa picha ya MRI. Isipoonyesha kitu, naachwa kwenye timu. Niombee.

Mwanao

Pasir Mas, 17 Machi

Marahaba mwanangu. Mimi sijambo, na paka wa marehemu baba yako hajambo, bado analalia kofia yake.

Neno uvivu limenichoma. Baba yako naye alikuwa mwanzisha mpira, akaacha kwa nyonga hiyohiyo. Kwenye karamu wanaume wamekunja miguu mkekani, yeye kaunyoosha wake hadi kwenye sahani za watu. Nilikuwa namfinya, "Kunja mguu, unaniaibisha!" Anaukunja, jasho linamtoka, ananitabasamia.

Mbona kimya? Picha imesema nini?

Mama yako

Kuala Lumpur, 30 Machi

Shikamoo mama. Nisamehe, nilisubiri nijue yote. Mashine inagonga kama mafundi bati kumi! Lakini ungemwona Bi Lim, mpiga picha. Alinifunga vidole vya miguu kwa utepe nisijipinde, akapiga picha kuzunguka shingo ya mfupa wa paja, kidogo kidogo, kama mshale wa saa unavyozunguka. Nne za kwanza, safi. Ya tano, kinundu kama punje ya hindi, kinasaga gegedu la kiungo nikikunja mguu. "Mwizi wako huyu," akasema. "Eksirei ilimtafuta mbele, kumbe kajibanza ubavuni."

Gegedu halijaharibika sana. Kitachongwa, nitarudi uwanjani. Kocha aliitazama picha weee, kisha akasema, "Nisamehe, bwana."

Nilimuuliza Bi Lim kuhusu baba. "Sikumpiga picha, siwezi kuapa," alisema. "Ila nimeviona vinundu hivi kwa baba na mwana."

Mwanao

Pasir Mas, 28 Aprili

Mwanangu, pole na upasuaji. Alhamdulillahi umeamka salama. Bi Lim nimemkaangia chipsi za samaki, mpe kwa mikono miwili.

Khitma ya baba yako ni Alhamisi. Najua hujaruhusiwa kukaa mkekani, nimekuwekea kiti. Ami Deris kanicheka, "Shemeji, viti viwili vya nini? Tumekuwa Wazungu?"

Nimemjibu kimoja chako. Kile kingine asikikalie mtu.

Mama yako