Jina Langu Ukutani College Park

Shangazi Wamaitha mpendwa,

Nimekuja kwako na shida niliyojitafutia mwenyewe, naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Mimi ni fundi wa kushona, kwetu ni Meru, na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi huku Marekani, Takoma Park, kwa mama mmoja wa hapa, Bi Lorna, na si kujisifu, Shangazi, lakini kwa kukata hakuna anayenishinda pale. Shida ni tunachoshona. Bi Lorna ndiye aliyeanza, miaka ya sabini, kushona mavazi ya ngozi nyeusi na ya mpira, na koseti za kubana kiuno kwa kamba, za watu wanaopenda kuvaa hivyo kwenye klabu zao za faragha, na enzi hizo alitukanwa na kufukuzwa nyumba za kupanga, lakini leo, mwaka wa tisini na nane, waimbaji wanavaa kazi yake kwenye televisheni na maduka makubwa yanamwiga, hata wasichana wa kanisa letu wanakuja na mikanda ya kamba bila kujua ilikotoka. Nilipoulizwa kanisani nashona nini niliona haya, nikasema nashona mikanda ya mgongo ya wagonjwa, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana kanisa letu la Langley Park nusu yake ni manesi, wakafurahi mno, mchungaji akanisimamisha nitoe ushuhuda, nami nikautoa. Sasa nesi mmoja, Jelagat, ameniletea vipimo vya mamake aliyeanguka huko Eldoret, akaniambia, "Sister, mgongo wa mum unamsumbua sana, nishonee moja nitai-send na mtu anaenda home December," nami nikavipokea. Na Jumapili hii mchana mavazi ya Bi Lorna yanafunguliwa maonyesho chuoni College Park, na amesema majina ya mafundi wake yataandikwa ukutani chini ya lake, langu likiwa la kwanza, kwa sababu mikono yake ilipoanza kutetemeka mimi ndiye niliyekata. Binti ya Jelagat anasoma chuo hapo hapo. Nimwambie Bi Lorna alifute? Moyo unakataa, Shangazi, ninalitaka jina hilo pale.

Fundi asiyetaka kutajwa, Takoma Park

Fundi usiyetaka kutajwa,

Wewe ni mtu wa ajabu. Jina lako umelificha, la mwenzako umeliandika wazi. Hilo la Jelagat nimempa mimi, kuficha lake la kweli. Pole kwa yaliyokukuta, maana najua makanisa yetu yalivyo, ukipiga chafya Langley Park unaombewa Silver Spring. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Umeogopa dhambi isiyo yako ukafuga iliyo yako. Watu wazima walitaka nguo, Bi Lorna akawashonea vizuri mpaka dunia ikamwiga, nawe ukakata kitambaa. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kusimama mbele ya waumini ukashuhudia kazi usiyoifanya, kisha ukapokea vipimo vya mama mgonjwa kana kwamba unajua mgongo ulioumia unafungwaje. Unajua kiuno cha mtu mwenye afya, dada yangu. Ukimfunga yule mama vibaya atalia huko Eldoret, nawe uko huku unaimba haleluya. Nilipofika hapo nilikukasirikia kwelikweli.

Basi leo, si kesho, mrudishie Jelagat vipimo vyake. Nenda nyumbani kwake, usipige simu, umwambie unachoshona bila kupunguza, na kwamba mamake anahitaji daktari. Atakasirika na ana haki, usijitetee. Ni nesi, amekwisha kuona miili mingi ya watu kuliko mchungaji, nguo ya mpira haitamwangusha. Mchungaji naye umwone kabla hajasikia kwa wengine, na Jumapili asubuhi urekebishe ushuhuda wako mbele ya wale wale uliowadanganya. Maneno machache, kisha ukae.

Na jina lisifutwe. Mwambie Bi Lorna aliandike lote, lako na la baba yako, na akague herufi. Ibada ikiisha vaa vizuri uende ukasimame chini yake. Watakaokupita bila salamu waache wapite. Harusi za binti zao zikikaribia, watakuja wenyewe kumuulizia aliyekata.

Shangazi Wamaitha