Neno Linalounguza Kama Ganda la Korosho

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Mnyambe hatujambo, na mama yako anaanika korosho.

Mhadhiri ameiita hukumu yake juu ya insha yako "scathing", nawe unaniuliza maana. Nilifundisha Kiingereza miaka mingi, ila neno hilo nililijulia vidoleni. Nikiwa msichana, nilibangua korosho bila kupaka majivu mikononi, mafuta ya ganda yakaniunguza, nikazivunjavunja. Shangazi yangu akauliza mbele ya wanawake wote tuliokuwa tukibangua nao, "Hizi umebangua kwa meno?" Maneno hayo yaliniunguza kuliko ganda. Hiyo ndiyo maana ya "scathing": ukosoaji mkali unaounguza. Usilitumie kwa karipio dogo.

Kesho yake nilipaka majivu. Msimu uliofuata, shangazi aliniletea binti yake nimfundishe kubangua!

Paka majivu, Zuhura, urudi kuibangua insha yako.

Bibi yako, mwenye vidole vilivyopona.