Kijiti cha Dada

Shoga, uko? Nimetoka zahanati na dada sasa hivi.

Unakumbuka kumzaa kitinda mimba kulivyotaka kumuua? Daktari alimwambia mimba nyingine haponi. Ndiyo akawekewa kile kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, kimyakimya, maana shemeji hataki hata kusikia.

Leo asubuhi shemeji kampapasa mkono, kakigusa.

Kachukua wembe. Wembe, shoga! Kamkandamiza, kakichomoa mwenyewe, watoto wanaona.

Kule zahanati dada hakulia. Nililia mimi. Muuguzi akawa anamshona huku anamwambia, "Mama, twende polisi."

Dada akasema, "Polisi watamrudisha nyumbani jioni hii hii. Nipe njia asiyoweza kuipapasa."

Asiyoweza kuipapasa! Hayo ndiyo maneno yake.

Muuguzi akamweleza: kitanzi hukaa ndani ya kizazi miaka mingi, ila kina nyuzi ambazo mume anaweza kuzigusa. Sindano haiachi kitu, lakini kila miezi mitatu arudi bila kukosa. Dada akachagua sindano.

Tunatoka, shemeji huyo getini, anatabasamu. "Wamekushona vizuri?"

Dada akashusha mkono wa gauni. "Vizuri, baba watoto."

Wakaondoka pamoja.