Yusufu bin Yakubu, Jina Nililokupa Mimi

Rafiki yangu Yusufu,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema kwamba yeye hajambo, na kumwombea anayeandikiwa naye awe hajambo. Mimi sijambo. Hayo ya pili nimeyaacha, maana nilikuzika kwa mikono yangu, na udongo wa hapa Zuzu bado naujua ulivyo mgumu.

Tangu siku ile mvua zimenyesha mara mbili, kidogo, kama kawaida ya Ugogo. Daraja letu la mto wa mchanga limekwisha. Gari moshi linapita juu yake kwenda machweo, na mawe yako hayatikisiki. Mwanzo Wagogo wa hapa walikuwa wakiwaswaga ng'ombe wao mbali kila liliposikika. Siku hizi watoto wanasimama kando na kulipungia mkono. Nimelitanguliza hilo kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa kuulizia kazi kabla ya salamu, jambo ambalo mama yangu, ulipokuja nami Kondoa, alilisamehe kwa taabu sana.

Naandika kwa herufi zenu, zile ulizonifundisha kwa mkaa juu ya jiwe. Za Kiarabu, za chuoni, ningekwenda nazo upesi zaidi, lakini safari hii sitaki kwenda upesi. Kuna kosa nililokufanyia, Yusufu, nalo lilitokana na upesi wa ulimi wangu.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipotuambia jina lako? Ulipiga kifua ukasema lote, kwa Kitaliana chako, na sisi watatu, Ramadhani, Chiloleti na mimi, tukatazamana. Ramadhani alilijaribu akatema mate. Ukacheka, ukachutama, ukaanza kutueleza kwa vidole na Kiswahili chako cha wiki tatu. Hilo neno la kati, ukasema, "di", ni mtoto. Mtoto wa baba. Na huyo baba ni Giacobbe, mzee wa zamani sana, mwenye watoto kumi na wawili, aliyemlilia mmoja asifarijike. Nikaruka juu. Nikakuambia huyo tunamjua, huyo ni Yakubu, nabii, aliyelia mpaka akapofuka. Na "di" yenu ni "bin" yetu. Na Giuseppe je? Ulipotaja kisima na kanzu yenye damu nilipiga makofi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Basi wewe ni Yusufu bin Yakubu, nikasema, umetoka kwenye Kurani mzima mzima, ulikuwa wapi siku zote?

Tangu siku hiyo sisi watatu hatukukuita vingine; kwa kambi nyingine ulikuwa Mtaliana tu. Hata wewe, ukiulizwa na wapita njia, ulijibu hivyo, ukanitazama kuona kama nimecheka.

Ulitusimulia pia wengine wenye jina lako huko kwenu, wale waliojulikana. Askofu mmoja mnene aliyezikwa chini ya sakafu ya kanisa alilolijenga. Mwizi wa farasi aliyetungiwa wimbo. Na mwanamke aliyeimba mbele ya mfalme mpaka mfalme akasahau chakula chake. Hapo nilikukatiza. Mwanamke naye ni "di"? Kwetu mwanamume ni bin, mwanamke ni binti. Mwanamke akiitwa bin watu wataanguka kwa kicheko. Ukafikiri sana, ukasema kwenu jina hilo halibadiliki, lazima liende vilevile kwa kila mtu, kwa askofu na kwa mwizi. Sikulitia maanani. Nilikuuliza tu wewe utajulikana kwa lipi, ukaelekeza tindo yako ya kuchongea mawe kwenye nguzo ya kwanza ya daraja. "Kwa hili," ukasema. "Halitaanguka."

Halijaanguka, ndugu yangu. Ulioanguka ni mwamba.

Mwamba ule wa machimbo yetu ulikuwa umeugonga kwa nyundo tangu wiki iliyotangulia, sikio lako limelala juu yake kama mkunga anayesikiliza tumbo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jiwe zima hulia wazi, na jiwe lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Mwamba ule ulilia vibaya. Ukamwambia Bwana Msimamizi, Mdachi wetu, kwamba lazima uvunjwe kutoka juu, polepole, na kwamba mtu asikae chini yake. Yeye akataka ukatwe kutoka chini, kwa sababu mawe yalihitajiwa kabla hajarudi kutoka Kilimatinde. Mkagombana mbele ya kambi nzima. Ulimwita neno la kwenu ambalo sitaliandika hapa, na kila mtu alilielewa. Akapanda nyumbu akaenda zake, na amri ikabaki.

Ungeweza kukaa hemani. Wazungu wengine walikaa. Lakini Ramadhani na Chiloleti hawakuwa na uwezo wa kukataa amri, na wewe ulisema kama wapo watu chini ya jiwe, mwenye sikio awe nao. Asubuhi hiyo ulinipa mfuko wa tindo ukaniambia nizipeleke kwa mhunzi zikanolewe. Nilinung'unika, maana ni mwendo wa saa nzima na jua lilikwisha kuchoma. Ukanisukuma begani. Nikaenda.

Mhunzi alizimwaga chini, akazipitisha kidole moja moja, akaniangalia. "Hizi nani kakwambia ni butu?"

Nilikuwa bado nazirudisha mfukoni tuliposikia mwamba.

Sitakuelezea nilivyowakuta. Ulikuwepo. Nitasema tu kwamba wewe ulikuwa juu ya Chiloleti, umemfunika, na haikusaidia. Nililia kama mtoto, na kila nilipolia nilikuwa nawaza zile tindo, kama ulikuwa umesikia jambo asubuhi ile, na kama ulikuwa na nafasi ya kumtuma mtu mmoja tu. Kwa nini mimi? Ramadhani alikuwa na wake wawili.

Jua la huku halimngojei maiti. Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimewavika sanda ninyi nyote watatu, nimewalaza sambamba. Karani wa kambi akaja na kitabu chake, yule wa pwani, leso puani, akasimama mbali akataka majina. Nikayataja kwa mstari. Ramadhani bin Athumani. Chiloleti wa Mazoya. Yusufu bin Yakubu.

Akaandika. Hakufunua sanda. Akasema wazikwe kabla ya jua kuchwa, akaenda.

Wallahi sikukusudia. Ulikuwa umelala pale, na hilo ndilo jina lililokuja, kwa kuwa hilo ndilo nililokuita miaka miwili. Watu husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi juu ya kaburi.

Nikawasalia wote watatu, Mwislamu na Mgogo wa mizimu na wewe wa msalaba, kwa sababu nilikuwa peke yangu, vibarua wengine wako mbele na reli, na sikujua sala nyingine. Kama nilikosea, hilo tutaulizana tukikutana.

Bwana Msimamizi aliporudi akakuta kitanda chako kitupu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, naapa. Lakini kabla sijafungua kinywa alikwisha kutangaza kwamba Mtaliana ametoroka kazini baada ya ugomvi, na askari wawili wamtafute njia ya Kilimatinde. Kitabu kilimuunga mkono: waliokufa ni vibarua watatu. Nikafikiri, nikisema sasa kwamba Mzungu yuko chini ya udongo, amezikwa na mimi, kwa jina la Kiislamu, mbele ya macho yangu tu, nitaulizwa nani kamuua. Mgongo wangu ulikuwa unazijua hamsa ishirini za kiboko, zile fimbo ishirini na tano za Wadachi, na woga wake haukuwa umepoa. Nikanyamaza. Leo nikanyamaza, kesho nikanyamaza, na kunyamaza kukawa kazi yangu.

Mwaka ukapita. Kisha akashuka mtu Dodoma kutoka gari moshi, mwembamba, ana pua yako. Alikuja mpaka Zuzu akiuliza habari za Di Giacobbe. Watu wakatikisa vichwa, hakuna aliyewahi kusikia jina hilo. Nililisikia mimi; lilikuwa lako lakini halikuwa wewe. Ni Matteo, mtoto wa baba yako mdogo. Kwa kuwa nilikuwa nakijua kidogo Kitaliana chako cha matusi na chakula, waliniita nimtafsirie. Mimi! Akaeleza kwamba barua ilifika kwenu kutoka kwa wenye kazi, kusema umevunja mkataba na kutoroka. Baba yako aliisomewa mlangoni mbele ya majirani. Alichukua kiti chako mezani, akakipasua kuni, na tangu hapo akiulizwa ana watoto wangapi huhesabu dada yako peke yake.

Yusufu, yule Yakubu wa kitabu aliambiwa mwanawe ameliwa na mbwa mwitu, naye hakuacha kumngoja. Wako aliambiwa mwanawe yu hai, akamfuta. Na aliyefanya hivyo ni mimi, kwa neno moja.

Hata hapo nilinyamaza. Niandike ukweli wote. Nilimtazama machoni nikamtafsiria kwamba hapa hajulikani mtu huyo. Akashukuru. Akaanza safari ya kurudi Dodoma.

Usiku huo sikulala, na alfajiri nilikuwa njiani na shati lako kifuani, lile la mistari nililokuvua kabla ya sanda, ambalo nilikuwa nalificha chini ya mtama. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake stesheni. Nilimpa shati kwanza. Aliligeuza, akaona damu, akaona kiraka ulichoshona mwenyewe vibaya. Akanipiga ngumi moja ya uso, kisha akaketi chini penye vumbi akalia, nami nikaketi karibu yake. Watu walitupita.

Tulikwenda ofisini pamoja. Nilisema yote, jina kwa jina. Bwana Msimamizi alisikiliza, akaniamuru nilale kifudifudi, nikapata zangu hamsa ishirini kwa kuzika Mzungu bila idhini. Sitalalamika kwa hizo. Lakini kitabu hawakukibadili. Kukibadili kungekuwa kuandika ulipofia, na nani aliyetoa amri. Karani alikifungua, akaweka kidole juu ya mistari miwili. "Yusufu bin Yakubu amekufa. Mtaliana ametoroka. Kitabu hakina kosa." Kwa hiyo kwa serikali bado unakimbia, ndugu yangu, na askari hawajakupata.

Matteo alichukua shati akaondoka nalo mpaka bahari na ng'ambo yake. Mimi nikabaki kuhesabu miezi. Nilikuwa nimeshika ile hadithi kwa meno: shati la Yusufu lilirushwa juu ya uso wa baba yake, akaona tena. Nikajiambia tumechelewa lakini hatujakosa.

Barua ya Matteo imefika wiki hii. Padri wa Dodoma ndiye aliyenisomea. Baba yako alifariki siku kumi na moja kabla ya shati kufika. Alikufa anahesabu mtoto mmoja. Dada yako alilitandika juu ya kaburi lake, akaweka mawe pembeni lisipeperushwe na upepo.

Nilimwomba padri arudie, labda amekosea. Hakuwa amekosea.

Sina la kukufariji, wala sikuombi msamaha kwa barua, maana huwezi kukataa na hiyo si haki. Nitakuambia nilichofanya. Nimechukua zile tindo ambazo hazikuwa butu. Nimechagua jiwe, nikaligonga, nikaweka sikio, lililia wazi. Nimechonga juu yake jina lako, nikilinakili kutoka mpini wa nyundo yako, herufi kwa herufi. Zile b mbili zilinisumbua, nikamwuliza padri kama moja haitoshi. Akasema ziache zote. Nimezichimba kina cha kidole, na jiwe nimelisimika kwako, katikati ya Ramadhani na Chiloleti. Nao nimewachongea yao, kwani wao pia hawakuwa vibarua watatu.

Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita. Mama alitaka aitwe Yusufu. Nimekataa. Jina hilo lina mtu ndani yake, na bado hajatoka.

Ahadi yangu ni hii. Kila mwaka kabla ya mvua nitakuja kuzichimba upya herufi zako, mpaka nisiweze kushika tindo. Na yeyote atakayeniuliza nani kalala hapa, awe karani, awe askari, awe mchunga ng'ombe, nitamtajia lote kama ulivyotutajia siku ile umepiga kifua. Litaukwaruza ulimi wangu. Na liukwaruze.

Lala salama, Giuseppe Di Giacobbe. Leo sikulitafsiri.

Mimi uliyemtuma kwa mhunzi,
Salimu bin Isa