Aliyeingia Barafuni Bila Kupasha Mwili

Dada yangu Ulyana,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na wanao wamepona kikohozi. Shingo yako je? Tangu nione zile alama Krismasi sijatulia. Mimi sijambo, ila jino moja limebaki mtoni. Mama anakusalimu, mguu unamsumbua, mdomo haujambo kabisa. Simu yako huishika mumeo Rodion, ndiyo maana nimempa Shangazi Lyuba barua hii akukabidhi mkononi.

Najua umeambiwa aliteleza. Hakuteleza.

Jumapili ya kuaga baridi tulipigana ngumi na watu wa ng'ambo juu ya barafu ya mto, ukuta kwa ukuta, safu yetu ya wanaume dhidi ya yao, kama kila mwaka. Kazi yangu unaijua: kuwapasha wanaume wetu mwili. Nusu saa ya kukimbia, kuzungusha mabega na kunyoosha mapaja, mpaka mvuke utoke kwenye kola. Rodion, aliyetoka kwenu kuja kupigana upande wetu, alikataa, akacheka, akauliza kama tunakwenda vitani au kliniki ya wajawazito.

Basi nikampa bendera. Nikamwambia hiyo ni heshima ya shemeji. Kwetu bendera hupewa mzee asiyepigana, maana mshikaji haruhusiwi kutikisika. Yeye hakujua. Alisimama wima nusu saa nzima, kifua mbele, kwenye baridi ya kupasua ndoo.

Kuta zikagongana. Nilipigwa ya mdomo, nikamrudishia yule bwana mbili za mbavu, akatapika damu na chapati za sherehe. Rodion akatupa bendera, akaruka mbele kwa hatua moja ndefu. Nikasikia paja lake likichanika kama shuka kuukuu. Alianguka akilia. Aliyelala hapigwi, lakini ng'ambo walimkanyaga wakisonga, wakamvunja mbavu tatu. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji yenu kalala, mleteeni mto!"

Ulyana, nilifanya makusudi. Nilijua misuli ya baridi hukatika, na nilitaka yake ikatike. Mbavu sikuzitaka, na kile kilio bado nakisikia. Ila sijuti.

Daktari amesema wiki kumi hatatembea. Wiki kumi hawezi kukukimbiza, dada. Basi la kuja huku hutoka Jumanne na Ijumaa. Chukua watoto, uache vyombo. Mama ameshatandika kitanda, na hajaniuliza kwa nini.

Wabusu wanao, uwafunge vizuri kofia za safari.

Ni mimi mdogo wako,
Ignat